Mwaka Wangu wa Otage kule Nyalukemba

Kwenye kilio cha Maman Cibalonza, kijana aliyeshika mikro alikuwa anaita watu kwa makundi waje kusema neno mbele ya jeneza: watoto wa marehemu, wakwe, wajukuu, akina maman wa kanisa, majirani wa barabara. Makundi yote yalipita mimi nimekaa kwenye kiti changu cha plastiki, sikusimama na mtu. Mimi ni mtu mzima, nina nyumba yangu ya matofali kule Kasha, nina meza zangu za samaki sokoni na wasichana wa kuzisimamia, sina desturi ya kujipenyeza mahali sikuitwa. Kijana akaniona. Akanijia, akainama kwa heshima, akaniuliza: "Samahani maman, na weye uko nani wa marehemu? Nikuweke ku kundi gani?" Nikamjibu, na ile mikro ilikuwa wazi: "Nilikuwaka otage wake." Vichwa vya lupango lote, ua mzima, vikanigeukia. Mwanamke mmoja nyuma yangu akasema "Yesu Maria!" na mwingine akacheka kile kicheko cha mtu anayeogopa. Kijana akaivuta mikro yake kama vile nimeichoma moto.

Siwalaumu. Leo ukitamka neno hilo hapa Bukavu, watu wanaona mateka: msitu, kamba, na simu inayolia kwa familia. Wanaona wale waliochukuliwa kwenye njia ya Shabunda. Pale Kasha nina jirani ambaye mwanawe alichukuliwa hivyo, na mpaka leo simu ikilia, mama huyo anaketi chini kwanza ndipo anaitika. Neno lile mbele yake silitaji. Halafu kuna vijana, wao wanalitupatupa kama ganda la ndizi: mvua ikinyesha, "mvua imetushika otage"; umeme ukikatika, otage; mchumba akikataa kujibu ujumbe, otage. Kati ya yule mama na hawa vijana, neno limechakaa. Lakini mwaka mmoja wa ujana wangu, wakati nchi ingali inaitwa Zaire, nililivaa mimi mwilini, na halikuwa na kamba.

Kando yangu alikuwa ameketi mwalimu mmoja wa zamani wa Kifaransa, jirani wa marehemu, mzee wa koti na kalamu mfukoni. Yeye hakushtuka. Aliniegemea akasema: "Maman, umesema vizuri kuliko hawa wote. Zamani sana kwa Wafaransa, otage alikuwa mutu anayelazwa mu nyumba ya mwengine, anapewa kitanda na chakula, mupaka ahadi itimizwe. Banasemaka neno lile lilitoka tumbo moja na neno la mwenyeji na mugeni. Hata Waingereza, bao balilibeba tu kwa Wafaransa, banasema hostage." Akaongeza kwamba wenye elimu wengine wanabisha, wanasema lilitoka kwenye Kilatini cha mambo ya kukaa mbele ya mtu kama dhamana. Nikamwambia aksanti. Mimi niliishia darasa la tatu, sina cha kubishana na Kilatini. Ila nilipokuwa namsikiliza niliona chumba. Nilikiona kabisa, na pazia lake.

Mambo ya ukoo wetu nayaacha. Anayeyataka aende Katana, wazee wenye maneno mengi bado wako. Inatosha kujua kwamba nilikuwa msichana mkubwa tayari, kifua kimeota, na kaka yangu Bahati alikuwa na mdomo mtamu na miguu myepesi. Bahati alimbeba Sifa, binti pekee wa Maman Cibalonza, akaenda naye upande wa Mwenga kwenye machimbo ya dhahabu, bila kuaga, bila ng'ombe wa mahari kwenda kwao, bila hata mjumbe mwenye chupa. Tunasema "kumbeba", lakini Sifa alikwenda kwa miguu yake na mimi nilijua. Kwao hawakujua, au hawakutaka kujua. Basi wakatushukia nyumbani Katana, mbele yao Tonton Birindwa, mdogo wa marehemu mume wa Maman Cibalonza, yeye ndiye aliyekuwa anasema kwa jina la nyumba ile. Baba akawatolea kasiksi. Tonton Birindwa akaitazama ile pombe ya ndizi kama mtu anayetazama jeraha. "Pombe ya mwizi hatunywake," akasema. "Mutupe mutoto akae kwetu mupaka wetu arudi. Mutoto kwa mutoto." Ilikuwa desturi ya wazee, hata wakati ule ilikuwa inaanza kufa. Walisema mtoto wako akiwa anakula kwa jirani, huwezi kuchoma nyumba ya jirani, na jirani hawezi kuchoma yako. Baba alitazama chini, kisha akanitazama mimi. Hakuniuliza kitu. Alisema tu: "Nsimire, chukua nguo zako."

Njiani niliapa kwamba wa kwanza kunigusa nitamng'ata. Tulifika Nyalukemba, hapa Bukavu kando ya ziwa, jua likiwa bado juu, nimebana meno, na mlangoni amesimama mama mrefu, mweusi, mwenye uso wa mtu ambaye hajalala wiki nzima. Akanizunguka mara moja. "Huyu njo otage?" akamwuliza Tonton. "Mbona amekonda hivi? Bantu batasema tumemufikisha siku ya leo na tumeanza kumunyima chakula leo leo." Akanishika mkono akaniingiza kwenye chumba cha wageni. Chumba cha wageni! Kwetu tulikuwa tunalala kwenye mkeka, watoto wote pamoja, miguu ya huyu kwenye kichwa cha yule. Hapa kulikuwa na kitanda cha chuma kilicholia ukikaa, shuka iliyofumwa maua na mikono yake mwenyewe, sanamu ya Bikira ukutani yenye rozari shingoni, na dirisha ambalo ukilifungua, ziwa lote linaingia ndani. Nilikaa kwenye ncha ya kitanda kile nikiogopa kukichafua. Yeye akabaki wima mlangoni akanipa sheria, na maneno yake ninayo mpaka leo.

"Sikia, mutoto. Hapa utakula, utalala, utasali. Hautafagia, hautachota mayi, hautafua nguo ya mutu. Otage si boyi. Bantu bakiona umeshika ufagio, batasema Cibalonza amejipatia mutumishi ku mugongo ya binti yake. Ukitoka, unatoka na mutu. Na kitu ya mwisho: mwiko ya bugali usiishike. Weye ni mutoto wa Bushi, unajua maana." Nilijua. Kwetu, msichana akisonga bugali kwenye nyumba isiyo yake, wanaume wa nyumba ile wakaila, amekwisha kusema kwa mikono yake kwamba yeye ni mke wao. Haihitaji neno jingine. Na nyumba ile ilikuwa na mwanaume wa kuoa: Déo, kaka yake Sifa, kijana wa miwani, aliyekuwa anamaliza sekondari na kula huku kitabu kimeegemea kwenye jagi la maji.

Wengi wanafikiri kukaa bure ni raha. Mimi nililelewa na jembe, na mwezi wa kwanza nilitaka kulia kwa ajili ya kazi tu. Nilikuwa nakaa kwenye salon, pale sebuleni, kwenye kiti cha mbao chenye kitambaa cheupe cha kufuma mgongoni, mikono kwenye mapaja, kama mtu anayengoja kupigwa picha. Maman Cibalonza akipita na ndoo, mabega yangu yanainuka yenyewe. "Kaa!" anasema bila kugeuka. Lakini chakula! Mimi nimekula hotelini, nimekula kwenye harusi za wakubwa, sijakula tena sambaza, vidagaa vya ziwa letu, kama zile, zimekaangwa mpaka vichwa vinavunjika mdomoni, na nyanya, na pilipili iliyopondwa kwenye jiwe. Jumapili baada ya misa tulikunywa mashanza, maziwa yaliyoganda, na viazi vitamu. Sahani yangu ilikuwa ya maua, ya wageni. Yeye na Déo walikula kwenye za bati. Siku moja Déo aliniambia: "Otage, nikuulize kitu. Nami nikikuya kuwa otage kwenu, batanipa sahani gani?" Nikamjibu: "Kwetu utakulia ku jani ya ndizi, na kitabu yako tutawashia nayo moto." Maman Cibalonza akacheka mpaka akashika ukuta. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia anacheka, kisha nikaona ameona aibu, kwa sababu binti yake hayupo naye amecheka.

Ukuta kati ya salon na jiko ulikuwa wa mbao, na mbao hazifichi kitu. Jumapili moja Tonton Birindwa alikuja baada ya misa, akaingia moja kwa moja jikoni alipokuwa Maman. Nilikuwa kwenye kiti changu, na niliwasikia kama vile wananiambia mimi. "Mulamu, tunangoja nini?" alisema Tonton. "Huyu Bahati harudi. Déo anamaliza masomo, na bibi iko hapa hapa, anakula bure. Tumuoze. Mutoto kwa mutoto, mambo imekwisha." Nikasikia kisu kinakata kitunguu. "Tunangoja Sifa," akasema Maman. "Na Sifa asiporudi?" "Basi tutangoja sana." "Weye una roho ngumu." "Hapana, shemeji. Niko na roho moja, na iko Mwenga." Nilibaki nimeshika kile kitambaa cheupe. Mpaka hapo nilikuwa nafikiri hatari ya kuwa otage ni kupigwa. Sasa nikaelewa: naweza kulala kwenye shuka la maua hivyo hivyo mpaka siku moja niamke mke wa mtu, na hakuna hata mmoja atakayekuwa amefanya ubaya.

Na aliyekaribia kunipoteza ni mimi mwenyewe. Ilikuwa msimu wa mvua. Maman alikwenda Bagira kwenye mazishi, na mlima ukaporomokea barabara, watu wakakwama huko. Mchana akafika Tonton Birindwa na wageni wawili, wazee wenye heshima wa Kabare, wamelowa, wakaketi salon. Déo aliwapa maji akarudi kwenye vitabu vyake. Saa zikapita. Nilisikia matumbo yao. Nilisikia mmoja anasema polepole: "Kwa Cibalonza leo moto haijawaka?" Neno lile liliniuma kuliko kama lingenigusa mimi. Mama huyu ambaye amenilaza kitandani, jina lake liende Kabare kwamba kwake wageni wanalala na njaa? Sikufikiria mwiko. Nilifikiria jina. Niliwasha mbabula, lile jiko la makaa, makala yakashika haraka, nikateleka maji, nikakaanga sambaza, nikasonga bugali ya nguvu, laini, haina hata donge. Mikono yangu ilikuwa inaimba. Nikaibeba mwenyewe, moshi unapanda, nikaiweka mezani.

Tonton Birindwa akaitazama bugali, akanitazama mimi. "Nani amesonga?" akauliza, sauti laini kabisa. "Ni miye, tonton." "Aaaah." Akawageukia wale wazee. "Mumesikia na masikio yenu. Mukuwe bashahidi." Hapo ndipo nilikumbuka mwiko. "Déo!" akaita. "Kuya kunawa. Bibi yako amepika." Déo akatoka chumbani, akasimama na miwani yake, akaangalia meza, akaniangalia mimi, na nikaona kwamba yeye pia ameogopa. "Tonton, miye niko na egzame ya shule," akasema. "Egzame utafanya na tumbo imejaa. Kaa!" Wazee walikuwa wamekwisha kunawa. Tonton mwenyewe alikuwa amenyoosha mkono kukata tonge la kwanza ampe Déo, na mimi nimesimama kama mti, wakati mlango ulisukumwa.

Maman Cibalonza alikuwa na matope mpaka magotini. Alikuwa amevuka ile sehemu ya mlima iliyoanguka, kwa miguu. Alisimama. Aliuona moshi wa bugali, aliona mwiko umelala kando ya sufuria, aliona uso wangu. Hakuna aliyemweleza kitu. "Kuna mutu amekwisha kukula?" akauliza. "Njo tunaanza," akasema Tonton, anacheka. "Mulamu, karibu ku ndoa." Maman akavuka salon na matope yake, akachukua sahani ile chini ya mkono wa shemeji yake, akatoka nayo mvuani. Tulimwona sote kwenye mlango. Akaimwaga kwenye banda la mabata, akaipangusa sahani kwa kiganja mpaka chembe ya mwisho, mabata yakapiga kelele. Akarudi akaiweka mezani, tupu.

"Umetupa chakula ya wageni!" Tonton alikuwa amesimama. "Chakula gani?" "Bugali, ee!" "Miye sioni bugali. Bazee, munaona bugali?" Wale wazee waliangalia mikono yao iliyonawa. Mmoja akasema kwamba kwa kweli, mezani haoni kitu. "Cibalonza, weye ni mujinga," akasema Tonton. "Binti yako balimubeba, na huyu Mungu amekupa ku mulango." Na hapo Maman alisema neno ambalo mimi, bila shule, nimeishi nalo kama wengine wanavyoishi na diploma. Hakupandisha sauti. "Wangu balimubeba bila kuniuliza. Inanichoma kila asubuhi. Unataka nichome mama ya mwengine na moto ile ile?" Kisha akanigeukia mimi, akanipiga kofi la bega, la nguvu. "Na weye! Kichwa yako ulikwenda kuiacha wapi?" Nikaanza kulia. Akawapikia wageni yeye mwenyewe, na nguo yake imelowa, nao wakala.

Tonton Birindwa hakukanyaga tena pale mpaka mambo yalipokwisha. Na yeye ndiye aliyekuwa analeta makala, nyama ya sikukuu, mafuta. Maman akarudi kwenye kazi aliyoiacha alipoolewa: kuuza sambaza. Asubuhi tulishuka ziwani pamoja, kwa sababu siruhusiwi kubaki wala kutoka peke yangu, mitumbwi ikifika yeye ananunua, halafu tunapanda mpaka soko la Kadutu, beseni kichwani kwake, mimi nyuma mikono mitupu kama binti wa gavana. Wauzaji wenzake walimcheka: "Maman Sifa, unauza samaki, na huyu unauza nini?" Anajibu: "Huyu si wa kuuza, njo maana anakaa." Nilikaa kwenye tofali nyuma yake, naangalia. Niliona jinsi anavyotazama jicho la samaki kabla ya kukubali beseni. Niliona kwamba mteja mwenye kelele anarudi kesho, na yule anayesifu sana harudi. Niliona anavyowafunika samaki na jani bichi, anavyomwongezea mama mwenye watoto kiganja kimoja bila kusema kitu. Watu wananiuliza leo nilisomea wapi biashara. Nilisomea nyuma ya mgongo wa mwanamke mmoja, nimekatazwa kugusa. Anayekatazwa kugusa anaangalia vizuri sana.

Mwaka ulikuwa unakaribia kugeuka Bahati aliporudi. Walitokea kwenye kona mchana, wote pamoja: Baba mbele, anavuta ng'ombe, Bahati amekonda, mdomo wake mtamu umefunga, na Sifa nyuma, mtoto mgongoni. Tonton Birindwa naye akafika, hata sijui nani alimwita; ng'ombe ana harufu inayofika mbali. Wanaume wakaanza kusema maneno yao marefu, lawama, msamaha, lawama tena, na ng'ombe akaanza kula maua ya Maman kwenye ua. Maman hakusikiliza hata neno. Alimfungua mtoto kwenye mgongo wa Sifa, akamnusa shingoni, akamshika Sifa uso kwa mkono mmoja, akabaki hivyo. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilifurahi, na nilikuwa na kitu kingine ambacho sikuwa na jina lake.

Maneno yalipokwisha, Baba akanigeukia. "Nsimire, chukua nguo zako. Tunaenda." Nikageuka kuingia ndani. "Ngojeni kwanza," akasema Maman Cibalonza. "Kuna mutu amemuuliza?" Tonton akashangaa. "Kumuuliza nini? Otage akiachiliwa anarudi kwabo. Imekwisha." "Ni miye njo nilimuchunga, na ni miye njo ninamuachilia. Sijamaliza." Akanikabili, mjukuu wake begani. "Nsimire. Unataka kwenda wapi?"

Katika maisha yangu yote hakuna aliyekuwa ameniuliza jambo hilo. Nilimwangalia Baba, nilikuwa nampenda, na ingawa sasa naye ni marehemu, nampenda bado. Nilikuwa najua nikienda naye Katana, kabla ya mavuno mtu mwingine atakuja kuniposa, atakaa kwenye mkeka wetu, atakubali kasiksi, na nitaambiwa tena nichukue nguo zangu.

"Ku soko," nikasema.

Bahati alicheka wa kwanza, na Tonton Birindwa akacheka kwa nguvu zaidi. "Ku soko kununua nini?" "Kufanya kazi. Nauza sambaza. Najua." "Unajua! Haujagusa hata moja!" Maman Cibalonza peke yake hakucheka, na Sifa. "Kitanda iko palepale," akaniambia Maman. "Unalala mupaka upate kwako. Lakini sasa ukitoka, hakuna mutu wa kukufuata." Akamtazama Baba. Sote tukamtazama. Baba alizungusha kamba ya ng'ombe mkononi, akaizungusha tena, na nikaona jinsi alivyozeeka mwaka ule, na kwamba labda naye, siku ile Katana, alikuwa ametaka kuniuliza akashindwa mbele ya wanaume.

"Acha aende," akasema.

Nikashika barabara ya Kadutu, na jua bado liko juu. Sikuwa na beseni, sikuwa na samaki, sikuwa na mtu mbele wala nyuma. Nilikuwa naenda tu kutafuta mahali pa kuketi.